Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Namba 720,720

Katika darasa letu la hesabu la jioni hapa Nyakato, Mwanza, kuna namba moja iliyoandikwa kwa chaki juu kabisa ya ubao, na hairuhusiwi kufutwa: 720,720. Kila mgeni akiingia huuliza ni ya nini. Wazazi wanaokuja kuchukua watoto huuliza. Fundi aliyekuja kutengeneza taa naye aliuliza, akakaa nusu saa. Hapa nimekusanya maswali ninayokutana nayo mara nyingi, ili hata asiyefika darasani apate majibu. Uwe na kalamu na karatasi, na simu yenye kikokotoo ukitaka kunihakiki.

Namba hii ina nini hasa?

Ndiyo namba ndogo kuliko zote, ukiacha sifuri, ambayo ukiigawanya kwa 1, kwa 2, kwa 3, na kuendelea hivyo mpaka 16, hupati baki hata mara moja. Ukiigawanya kwa 16 unapata 45,045. Kwa 15 ni 48,048. Kwa 14 ni 51,480, kwa 13 ni 55,440, kwa 12 ni 60,060 na kwa 11 ni 65,520. Huko chini ni rahisi zaidi, jaribu mwenyewe. Sitaki uniamini kwa kuwa mimi ni mwalimu. Nataka ukokotoe uone.

Ilifikaje ubaoni?

Mwanafunzi wangu mmoja humsaidia mama yake kwenye soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Mama huyo hununua dagaa kwa kuchangishana na wenzake. Siku nyingine wako wawili, nyingine watano, nyingine sita, kutegemea nani ana mtaji siku hiyo. Wanapima kwa ndoo, na karibu kila wakigawana inabaki ndoo moja au mbili za kubishaniwa. Kijana akaja darasani na swali ambalo sijalisahau: "Mwalimu, wanunue ndoo ngapi ili wakiwa wawili, watatu, wanne, watano au sita, isibaki hata moja?"

Tulianza kubahatisha. 30 ilikwama kwenye 4, ikabakiza 2. 36 ikakwama kwenye 5, ikabakiza 1. Jibu ni 60, na hakuna dogo zaidi. Mwingine akauliza, je, wakifika hadi kumi? Hapo tunapanda mpaka 2,520. Ndipo sauti ikatoka nyuma: "Na sisi humu ndani tuko kumi na sita." Tuliifanya hesabu hiyo jioni nzima, na ilipotoka 720,720 hakuna aliyetaka kuifuta.

Inasomwaje kwa Kiswahili?

Laki saba na elfu ishirini, mia saba na ishirini. Unaweza pia kusema "mia saba na ishirini elfu, mia saba na ishirini", na mimi naipenda zaidi hii kwa sababu sikio linasikia kuwa nusu ya kwanza imerudiwa na nusu ya pili. Marudio hayo yana maana kubwa, nitayaeleza chini.

Kitu cha kujihadhari nacho ni kusema "elfu mia saba na ishirini". Msikilizaji mmoja ataandika 720,000, mwingine ataandika 700,020, na wote wawili watakuwa wamekusikia sawasawa. Neno laki, tulilolipata kutoka Bara Hindi, linatuokoa hapo. Watoto wafundishwe kulitumia mapema.

Uliipataje bila kujaribu namba moja moja?

Kwa kuzifungua namba na kutazama zimejengwa na nini. Kila namba nzima iliyo kubwa kuliko 1 ama ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe, ama ni zao la namba tasa. Na namna ya kuijenga ni moja tu: 12 siku zote ni 2 × 2 × 3, awe anayeigawa ni mvuvi wa Ukerewe au karani wa benki.

Sasa, namba tasa zilizopo kati ya 1 na 16 ni 2, 3, 5, 7, 11 na 13. Jiulize kila moja inahitajika mara ngapi kwa wingi zaidi. Anayedai 2 nyingi kuliko wote ni 16, anataka nne: 2 × 2 × 2 × 2. Anayedai 3 nyingi ni 9, anataka mbili. Za 5, 7, 11 na 13 inatosha moja moja. Hao wakubwa wakiridhika, wadogo wote wameridhika: 14 ataipata 2 yake na 7 yake humo humo, 15 ataipata 3 na 5, wala hatuongezi kitu kwa ajili yao.

Kwa hiyo tunazidisha: 16 × 9 ni 144. Mara 5 ni 720. Mara 7 ni 5,040. Mara 11 ni 55,440. Mara 13 ni 720,720. Shuleni tunaiita KDS, Kigawe Kidogo cha Shirika, na wengi tuliikariri bila kuambiwa kwamba ndiyo dawa ya baki.

Si ningezidisha tu 1 × 2 × 3 hadi 16?

Ungepata namba inayogawanyika kwa zote, ni kweli. Lakini ungepata 20,922,789,888,000, ambayo ni kubwa mara 29,030,400 kuliko inavyotakiwa. Ni sawa na kukodi meli nzima kuvusha kikapu kimoja cha sato. Kosa lenyewe ni kumlipa mtu mara mbili: ukishampa 16 zile 2 nne, 8 na 4 hawahitaji zao mpya.

Mbona majibu yanajirudia: 45,045, 48,048, 60,060, 72,072?

Hapa ndipo ninapopapenda kuliko kwingine kote, kwa hiyo nivumilie.

7 × 11 × 13 ni 1,001. Na kuzidisha namba yoyote ya tarakimu tatu kwa 1,001 ni kuiandika mara mbili, kwa sababu unachukua elfu zake kisha unaongeza yenyewe. 347 × 1,001 ni 347,347. Basi 720 × 1,001 ni 720,720, na ndiyo maana nusu mbili za namba yetu zinafanana. Ukiigawanya kwa 16, unaigawa ile 720 tu, unapata 45, na 1,001 inabaki palepale kuirudia: 045,045. Ukigawanya kwa 13, 11, 7 au 14 umeivunja 1,001 yenyewe, na marudio yanapotea: 55,440, 65,520, 102,960, 51,480. Tazama tena majibu niliyoyaandika juu, utaona mpaka huo waziwazi.

Kuna mchezo wa kuwafurahisha watoto. Mwambie mtoto aandike namba yoyote ya tarakimu tatu bila kukuonyesha, airudie iwe ya tarakimu sita, aigawanye kwa 7, jibu aligawanye kwa 11, jibu aligawanye kwa 13. Atarudi kwenye namba yake aliyoanza nayo, bila baki njiani. Nimeucheza na watoto wa darasa la nne na nimeucheza na wazee, na uso wa mshangao ni uleule.

Na kuna faida ya kazi. Kanuni za kugawanyika kwa 2, 3, 5 na 9 wengi wanazijua, ila 7, 11 na 13 huwatesa. Tumia 1,001. Chukua 485,628. Toa tarakimu tatu za mwanzo kutoka tatu za mwisho: 628 − 485 ni 143. Na 143 ni 11 × 13. Basi 485,628 inagawanyika kwa 11 na kwa 13, lakini si kwa 7, kwa kuwa 143 haigawanyiki kwa 7. Umemaliza kazi tatu kwa kutoa mara moja.

Ina vigawo vingapi kwa jumla?

240, ukihesabu 1 na yenyewe, yaani namba 240 zinazoigawanya bila baki. Huna haja ya kuviorodhesha ili kujua.

Fikiria uko kwa mama lishe. Kuna aina tano za chakula kikuu na aina tatu za mboga: sahani tofauti ni 5 × 3, yaani 15. Kigawo cha 720,720 kinaagizwa hivyo hivyo. Unachagua 2 ngapi za kuweka: hakuna, moja, mbili, tatu au nne, njia 5. Unachagua 3 ngapi: njia 3. Kisha 5 ipo au haipo, njia 2. Vivyo hivyo 7, 11 na 13. Jumla ni 5 × 3 × 2 × 2 × 2 × 2, ambayo ni 240. Ukikataa 2 kabisa unabaki na vigawo witiri, navyo ni 48. Vingine 192 vyote ni shufwa.

Je, kuna namba ndogo yake yenye vigawo vingi hivyo?

Hakuna. Kila namba iliyo chini yake ina vigawo vichache kuliko 240. Na hata ukipanda juu, hutapata inayoizidi mpaka uvuke milioni: ni 1,081,080, yenye 256. Kati ya hapo zipo zinazofikia 240 bila kuvuka, kwa mfano 831,600 na 942,480. Hii ya mwisho ni namba yetu iliyovuliwa 13 ikavishwa 17: idadi ya vigawo ni ileile, lakini mwili umenenepa bure.

Namba za aina hii, zinazozishinda zote za chini yake kwa idadi ya vigawo, zilichunguzwa kwa kina na Srinivasa Ramanujan, aliyezaliwa Erode, kusini mwa India, mwaka 1887. Kabla ya kwenda Cambridge mwaka 1914 alikuwa karani katika ofisi ya bandari ya Madras. Mimi huwakumbusha wanafunzi wangu jambo hilo kila tunapopita karibu na bandari yetu na kuona makarani na vitabu vyao vya mizigo. Mwaka 1915 alichapisha utafiti wake mrefu kuhusu namba hizi, ukiwa na orodha aliyoikokotoa kwa mkono hadi kwenye matrilioni, na katika orodha hiyo yote aliruka namba moja tu. Alifariki mwaka 1920 akiwa na miaka 32.

Aligundua pia kwamba namba hizi zina umbo. Namba tasa ndogo hupewa nafasi nyingi, kubwa hupewa chache, na hakuna inayorukwa katikati. Angalia yetu: 2 mara nne, 3 mara mbili, halafu 5, 7, 11, 13 mara moja moja. Rudi sasa kwenye ngazi tuliyopanda: 720, 5,040, 55,440, 720,720. Zote nne zimo katika familia hiyo, na vigawo vyao ni 30, 60, 120 na 240. Kila hatua imezidisha mara mbili.

Wa kale nao walijali mambo haya?

Sana. Wababeli walihesabu kwa sitini sitini, ndiyo maana saa yako ina dakika 60 na duara lina nyuzi 360. Naye Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki, alipokuwa akipanga mji wa kuwaza alitaka uwe na kaya 5,040, kwa sababu idadi hiyo inagawanyika kwa kila namba hadi 10, tena na kwa 12, na mji unahitaji kugawa ardhi, kodi na zamu za ulinzi. Aliona kwamba 11 inaleta baki, akasema dawa yake ni ndogo: ondoa kaya mbili. Kweli, 5,038 ni 11 × 458. Hayo ni mazungumzo ya Mwaloni kabisa, ila yamefanyika zaidi ya miaka 2,300 iliyopita.

Mwalimu, sisi akina mama wa kikundi cha kuweka na kukopa itatusaidiaje? Wanachama hutoka na kuingia.

Swali zuri, mama, na nimelifanyia kazi. 720,720 yenyewe haitawafaa kwa fedha taslimu, kwa sababu siku hizi hamtapata sarafu za kugawana shilingi arobaini na tano. Chukueni wazo, acheni namba.

Tuseme kikundi hakipungui watu 10 wala hakizidi 15. Hamhitaji kuziridhisha namba zote kuanzia 1. Mnahitaji KDS ya 10, 11, 12, 13, 14 na 15 tu, nayo ni 60,060. Izidisheni kwa 100 ili kila mgao uangukie kwenye mamia kamili: shilingi 6,006,000. Mkiwa 10, kila mmoja 600,600. Mkiwa 11, 546,000. Mkiwa 12, 500,500. Mkiwa 13, 462,000. Mkiwa 14, 429,000. Mkiwa 15, 400,400. Mkilenga kufikisha kiasi hicho, au mara mbili yake, kabla ya kuvunja kibubu, siku ya mgao hakuna atakayeulizwa mia mbili zilizobaki ziko kwa nani. Nimeona kikundi kikivunjika kwa fedha ndogo kama hiyo, na iliniuma.

Naweza kuipanga kwa safu zilizo sawa?

Ndiyo, kwa namna 120, kwa sababu vigawo 240 huenda wawili wawili. Kama ungekuwa na sangara wa kuchora ubaoni 720,720 ukitaka mstatili unaokaribia mraba, weka safu 840 za 858 kila moja. Hakuna jozi inayokaribiana zaidi ya hiyo. Mraba kamili haiwezekani: 848 × 848 ni 719,104, na 849 × 849 ni 720,801, namba yetu imekaa katikati. Ili iwe mraba ingebidi kila namba tasa ipate mwenzake, na 5, 7, 11 na 13 wako peke yao. Wape wenzao kwa kuzidisha kwa 5,005, utapata mraba wa 60,060.

Je, ni namba kamilifu?

Hapana. Namba kamilifu, kama 6 na 28, hulingana na jumla ya vigawo vyake ukiacha yenyewe. Vya 720,720 vikijumlishwa hivyo vinafika 2,529,072, mara tatu na nusu ya namba yenyewe. Ni namba ya ziada kupita kiasi.

Inashindwa kugawanyika kwa nini?

Kwa 17 kwanza: inabaki 5. Kwa 19 inabaki 12. Kwa namba yoyote yenye namba tasa kubwa kuliko 13 ndani yake, haigawanyiki.

Lakini kuna kushindwa kwingine ambako wanafunzi hukusahau. Haigawanyiki kwa 32, ingawa 32 imejengwa na 2 tupu, kwa sababu yetu ina 2 nne na 32 inadai tano. Mtu anayecheza bao ataiona haraka: bao lina mashimo 32 na kete 64. Ukitaka kuzigawa kete 720,720 kwenye mabao, kila bao kete 64, utajaza mabao 11,261 na kete 16 zitakosa bao. Kwa 27 nayo inashindwa, na kwa 25, na kwa 49. Usitazame tu kama namba tasa ipo. Hesabu ipo mara ngapi.

Majirani zake wakoje? 720,719 na 720,721 ni tasa?

Karibu kila mtu hudhani ni tasa, nami nilidhani hivyo kabla ya kukaa na kalamu. Zote mbili haziwezi kugawanyika kwa chochote kati ya 2 na 16, kwa kuwa zimepishana na namba yetu kwa 1 tu, na hilo linazifanya zionekane kama tasa. Ila 720,719 ni 31 × 67 × 347, na 720,721 ni 71 × 10,151.

Matokeo yake ni ya ajabu. Chukua 720,722: ni 720,720 ukiongeza 2, na zote mbili zinagawanyika kwa 2, basi si tasa. 720,723 ni kuongeza 3, inagawanyika kwa 3. Endelea hivyo mpaka kuongeza 16. Kisha fanya vilevile kwa kutoa. Ukiunganisha na majirani wawili niliowataja, unapata namba 33 zinazofuatana, kuanzia 720,704 hadi 720,736, ambazo hakuna tasa hata moja. Na jangwa linaendelea: 720,737 ni 29 × 24,853, 720,738 ni shufwa, 720,739 ni 41 × 17,579. Anayetaka kujua linaishia wapi kila upande alete jibu darasani. Hiyo nimewaachia vijana.

Nitaionaje kuwa ni kubwa? Tarakimu sita tu.

Ipime kwa saa. Saa 720,720 ni siku 30,030 kamili, ambazo ni miaka 82 na siku karibu 80. Bibi yako aliyevuka themanini amekaribia au ameshazipita. Na hiyo 30,030 yenyewe ni 2 × 3 × 5 × 7 × 11 × 13, namba tasa sita za kwanza zikiwa zimekaa pamoja. Ukiipima kwa sekunde ni siku 8, saa 8 na dakika 12. Kwa dakika ni siku 500 na nusu. Hiyo nusu ni ile 2 ya tano tuliyoikosa, kwa kuwa siku ina dakika 1,440 na 1,440 inadai 2 tano.

Mtihani unaihitaji?

Jina lake halitaulizwa, lakini utakutana nayo ukijumlisha sehemu. 1 + 1/2 + 1/3 na kuendelea hadi 1/16 inatoka 2,436,559 juu ya 720,720, na haipunguziki zaidi. Jumla yote hiyo haijafika hata 3 na nusu, jambo linalowashangaza wengi.

Ni namba ya bahati? Naweza kuichezea?

Swali hili huletwa na vijana wa mikeka ya kubeti, na ninalijibu kwa uzito wote. Hapana. Kuwa na vigawo 240 hakuifanyi namba itokee mara nyingi kuliko jirani yake 720,721 katika bahati nasibu yoyote ya haki. Sifa zote nilizozieleza zimo ndani ya namba, mtu yeyote anaweza kuzihakiki kwa kalamu, na hazimjui mchezaji wala mechi. Fedha ya mkeka nunua daftari, uje jioni.

Baada ya 16 kuna nini?

Wanafunzi wetu waliijibu kwa boti. Chukua boti 16 hapa Mwanza. Ya kwanza hutoka kila siku, ya pili kila siku mbili, ya tatu kila siku tatu, hadi ya kumi na sita. Moja ya Nansio, moja ya Kome, moja ya Maisome, nyingine mbali huko Goziba. Leo zote zimetoka pamoja. Zitatoka tena zote kwa pamoja baada ya siku ngapi? 720,720, yaani zaidi kidogo ya miaka 1,973. Zingekuwa boti 10 tu, ni siku 2,520, chini ya miaka saba. Mtoto anayeanza shule leo angeziona akiwa bado mwanafunzi.

Ongeza boti moja ya siku kumi na saba. Kwa kuwa 17 ni tasa na haimo ndani ya namba yetu, lazima tuzidishe yote: 12,252,240. Hizo ni zaidi ya miaka 33,500. Wanasayansi waliochimba tope la chini ya ziwa hili wanatueleza kwamba liliwahi kukauka, likajaa upya takriban miaka 15,000 iliyopita. Boti 17 zinadai muda unaozidi mara mbili umri wa maji zinayoelea juu yake.

Ya kumi na nane haiongezi chochote, 2 na 3 zake zimo tayari. Ya kumi na tisa inatupeleka 232,792,560, na ya ishirini inapanda bure. Kijana wa ndoo za dagaa sasa yuko kwenye 23, na ukurasa wa daftari umemwishia kwa upana.